Mkono wa Pili

Ndugu zangu wawili walipoacha kusemezana, mimi niligeuzwa simu. Wanasimama pande mbili za lori moja, wanasikiana hadi pumzi, na bado mkubwa ananiambia, "Mwambie mdogo wako alete spana ya kumi na tisa." Mdogo, spana mkononi, naye ananigeukia: "Mwambie kaka hii bado inatumika." Mimi niko katikati, chai yangu inapoa. Nikiwaambia kwamba wameshasikiana na kwamba kazi yangu ni stoo ya vipuri, hakuna anayecheka. Wanasubiri niseme, na nisiposema kazi haiendi.

Gereji ni ya marehemu baba yetu. Kaka mkubwa aliishika aliporudi kutoka jeshini, alikokuwa fundi wa magari, na mpaka leo mji mzima unamwita Afande. Anavaa overoli iliyopigwa pasi. Nani duniani anapiga pasi overoli? Yeye. Kitindamimba wetu anaitwa Breki, na jina hilo alilipata kwa maumivu. Alikuwa dereva wa lori la mbao, breki zikamgomea kwenye mteremko wa mlimani, akaingia korongoni na lori lake. Waliomtoa ni Watu wa Juu. Walimbeba kwenye machela ya fito, wakamlisha na kumwosha mpaka mguu ulipokubali kukanyaga tena, ingawa mpaka leo anachechemea. Tangu hapo haoni gari bila kutaka kulijaribu breki, hata la mtu asiyemjua. Aliwahi kugombana na daktari mmoja kwenye maegesho ya hospitali kwa sababu hiyo.

Watu wa Juu ndio hao wanaoishi kwenye ule mlima unaoonekana ukisimama mlangoni mwa stoo yangu. Wana lugha yao ambayo hakuna mwingine anayeijua, na ni wachache. Uchache wao siwezi kuueleza vizuri kuliko Afisa wa wilaya alivyoueleza siku aliyotuletea kazi: wote, wazee kwa watoto wachanga, wanaenea kwenye malori manne. Aliyasema hayo kwa furaha, kwamba safari itakuwa rahisi.

Mlima ulikuwa umepewa kampuni ya kuchimba madini, na wenyewe walitakiwa kupelekwa tambarare. Jambo hilo halikuwa geni. Walikuwa na ndugu zao kwenye mlima wa pili, waliohamishwa nikiwa shule ya msingi. Homa ya huko chini iliwamaliza watoto, wakubwa wakatawanyika kutafuta vibarua, na leo ukitafuta mtu wa kukusalimia kwa maneno yao humpati. Ndiyo maana Breki hakuwa anasema Watu wa Juu watahamishwa. Alikuwa anasema watakwisha.

Haraka yote ya Afisa ilikuwa ni mvua. Barabara ya mlimani ni udongo mtupu, ikinyesha sawasawa hakuna lori linalopanda mpaka msimu uishe. Na kesi ya Watu wa Juu, waliyofunguliwa na wakili mmoja wa kujitolea, ilikuwa isikilizwe msimu huo ukishapita. Basi mji mzima ukawa unaangalia mawingu, Afisa akiomba yakawie, Breki akiomba yawahi. Malori yakipanda kabla ya mvua, kesi ingekuta mlima mtupu. Na malori yenyewe, mabovu yote manne, yalikuwa yameegeshwa kwenye uwanja wetu.

"Kaka, hii kazi tuikatae," Breki alisema siku yalipoletwa. Tulikuwa mezani, watatu sisi, kwenye baraza ya nyuma tunakolia chakula siku zote.

"Tuna mkataba na wilaya," Afande alisema.

"Mkataba wa kutengeneza magari. Sio wa kumaliza watu."

"Mimi natengeneza gari. Linakokwenda anajua aliyelituma."

"Hao watu walinitoa korongoni, kaka. Wewe hukuwepo."

Hilo la "hukuwepo" ndilo lililoharibu. Breki alipoumia, Afande aliomba ruhusa kambini akanyimwa, naye hakutoroka. Breki alishapona mguu, lakini hajawahi kumsamehe kaka kwa kule kutotoroka. Afande alinawa mikono polepole, akajifuta kila kidole, kisha akanitazama mimi. "Mwambie mdogo wako kazi inaanza saa moja asubuhi." Basi, simu ikafunguliwa siku hiyo.

Sasa nieleze utaratibu wa gereji yetu, maana bila huo mtu hataelewa kitu. Baba alikuwa na amri moja tu: fundi hakagui kazi yake mwenyewe, kwa sababu alichokisahau mara ya kwanza atakisahau na mara ya pili. Aliyetengeneza anatia tone la rangi nyeupe kwenye kila nati aliyoikaza. Kisha ndugu mwingine anapita upya, anakaza, anajaribu, na anatia tone jekundu pembeni ya lile jeupe. Tunauita mkono wa pili. Gari lisilo na rangi zote mbili halitoki getini, awe mwenyewe ni nani. Wateja wanatucheka kwamba tunapamba magari, lakini gurudumu lililofungwa kwetu halijawahi kuchomoka.

Afande alitengeneza malori. Breki alitoa mkono kwenye magari mengine yote, ila kwa yale manne aligoma. Alichukua kopo la rangi nyekundu, kopo la stoo yangu, bila hata kuniomba, akalitia chini ya kitanda chake. "Mwambie kaka nyeupe ni yake, atie anapotaka. Nyekundu yangu siitoi." Nilikasirika kwa ajili ya kopo, lakini moyoni nilimpongeza. Bila ugomvi, bila kelele, alikuwa amefunga geti. Afande angeweza kumkatalia rais, lakini kuvunja amri ya baba, hapana.

Siku zikapita hivyo, malori yenye matone meupe matupu yakiwa uwanjani na mawingu yakija na kuondoka kama watu wanaotudhihaki. Mimi napeleka maneno huku na huku. Nililala na kichwa kinachogonga. Usiku mmoja niliota nampigia baba simu, naye ananiambia nimpe mkubwa.

Katikati ya hayo akaja Mhunzi. Huyu ni mzee wa Watu wa Juu anayetushukia mara kwa mara kuchukua springi zilizovunjika, anazozifua kuwa visu na majembe. Anachagua kwa sikio. Anagonga chuma kwa ukucha, anainamisha kichwa, anasikiliza, kisha anakataa au anakubali. Springi tisa kati ya kumi anazikataa, nami kila mara namuuliza kama anatafuta chuma au anatafuta mke. Siku hiyo alikubali moja ndefu, akaniomba nimwekee mpaka atakaporudi na mtu wa kumsaidia kuibeba. Kisha akazunguka malori, akainama kwenye magurudumu.

"Tone lako halipo," alimwambia Breki. Breki ndiye aliyemfundisha zamani maana ya rangi zile.

"Halitakuwepo, mzee wangu."

Mhunzi akamgeukia Afande. "Haya ndiyo yatakayotubeba?"

"Ndiyo, mzee," Afande alijibu. Alisimama wima kabisa, kama yuko gwaride.

"Nina mjukuu hajapanda gari hata siku moja. Atatapika."

Afande aliokota spana. Alijiingiza chini ya lori la karibu na kukaa huko muda mrefu. Nilitega sikio, sikusikia hata mlio wa spana. Nikajisemea, tazama mtu huyu, anajificha uvunguni mzee wa watu asimwone. Damu ilinichemka kweli kweli.

Afisa alikuja mchana wa siku iliyofuata, na safari hii alikuja na askari, akamweka kwenye kiti katikati ya uwanja kulinda malori. "Nimeambiwa kinachosubiriwa ni rangi," alisema. "Rangi gani tena? Kesho asubuhi madereva wanakuja. Malori yasipotoka, gereji inafungwa, na nyinyi mtakuwa na la kujibu."

Afande alitazama mbingu. Upande wa mlimani kulikuwa kumefunga, kweusi. "Yatatoka," alisema.

"Bila mkono wa pili?" nikauliza mimi, maana niliona nimesikia vibaya.

"Bila." Kisha akapaza sauti, na askari akasikia, na Afisa akasikia, na Breki aliyekuwa hatua chache tu kutoka pale akasikia vizuri kuliko wote. "Na mwambie mdogo wako asiguse malori haya. Asiyasogelee kabisa."

Niliufikisha ujumbe kama ulivyo, neno kwa neno. Breki alikuwa ameshika gurudumu la gari la mteja, akaliacha likaanguka lenyewe.

Jioni ile Afande alikula vizuri. Aliomba kuongezewa, na nilimchukia kwa ile sahani ya pili kuliko nilivyomchukia kwa miaka yote ya ukubwa wake. Nikamwambia, "Kaka, kaeni chini muongee, nyinyi na midomo yenu." Akasema wataongea, lakini siyo leo, niwape siku mbili tatu. Alisema kwa upole kabisa. Breki hakugusa chakula. Nilimkuta nyuma ya stoo, ameshika tama.

"Dada, anayatoa hayajakaguliwa," aliniambia. "Watajaza watoto mle. Na mteremko ni ule ule."

"Umegoma. Goma basi."

"Nimegoma wasipelekwe. Sijagoma wafe njiani."

"Sasa unataka nini?"

"Sijui ninachotaka," alisema, na nilimwamini, maana hata mimi nilikuwa sijui. Nikaenda kulala nikiwalaani wote wawili kwa zamu.

Asubuhi nilipofungua stoo, askari alikuwa kwenye kiti chake na kikombe cha chai, na malori yote manne yalikuwa mekundu. Sina maana yamepakwa mwili mzima. Kila nati yenye tone jeupe ilikuwa na tone jekundu ubavuni, mabichi bado, yanameremeta. Breki alikuwa bombani ananawa grisi. Askari hakumzuia, kwani askari anajua nini zaidi ya kwamba huyu ni fundi wa hapa? Nikafurahi kama mjinga. Nilidhani wamepatana.

"Mmeongea?"

"Tuongee nini? Nilishindwa kulala, nikaamka alfajiri nikayakagua." Alijifuta mikono kwenye suruali. Uso wake ulikuwa umechoka lakini umetulia, uso wa mtu aliyetua mzigo. "Breki ni nzuri. Breki za kaka huwezi kuzilaumu. Ila nati ya bomba la dizeli, pale kwenye tangi, imelegea. Sio lori moja, yote manne. Kaka amezeeka, dada. Yangevuta hewa yakazimika huko kwenye kona, na watu juu."

"Umezikaza?"

"Nimekaza, nikatia rangi."

Afande akatoka na overoli yake ya pasi. Aliona ule wekundu akiwa bado mlangoni. Hakupiga kelele. Alitembea hadi lori la kwanza, akaingiza mkono chini ya tangi, akaushikilia humo. Akaenda la pili. Alipofika la nne alikuwa haulizi tena kwa mkono, aligusa tu. Nami nikamwona kaka yangu, mtu niliyemwona na macho makavu kwenye mazishi ya baba, akijiegemeza kwenye gurudumu kwa mikono miwili.

Wakati huo Afisa na madereva walikuwa wameshaingia getini, injini ya kwanza ikawashwa, ya pili, na uwanja ukajaa moshi. Afande akamwendea Breki mwenyewe. Hakupitia kwangu.

"Nilikwambia usiguse."

"Ulimwambia dada."

"Nilikwambia usiguse!"

"Nati zilikuwa zimelegea, kaka."

"Nililegeza mimi," Afande alisema.

Injini zilikuwa nne sasa, zinanguruma, na tuliosikia ni sisi watatu tu. Ilibidi aseme karibu na masikio yetu, kwa vipande vipande. Malori yalikuwa yapande matupu mpaka kwenye mlima, na kwenye mpando, pampu ikivuta kwa nguvu, yavute hewa, yazimike. Hakuna ambaye angeumia. Dizeli haidondoki pale, kwa hiyo dereva asingeona kitu. Wangetoa hewa, wangewasha, yangezimika tena. Wangehangaika siku mbili tatu mpaka mvua ianze. Aliwaza haya siku aliyokuwa uvunguni, baada ya Mhunzi kumwambia habari za mjukuu.

"Kwa nini hukuniambia?" Breki alikuwa ameshika kola ya overoli ya kaka yake, na sikujua anataka kumpiga au kumshikilia.

"Uso wako unasema kabla hujaulizwa. Na askari yuko pale." Afande alitazama geti. "Na ulikuwa umegoma. Mimi nilitegemea mgomo wako."

Lori la mbele lilikuwa linatoka. Breki alimwachia, akachukua spana mezani, akakimbia na ule mguu wake. Alilifikia la mwisho getini, akashika tangi kwa mkono mmoja, na askari akamvuta shati. Madereva walicheka, wakadhani fundi amesahau kitu. Afisa alitoa kichwa dirishani akatuonyesha dole gumba. Nilisimama pale nikitamani kuwagonganisha vichwa ndugu zangu, na nilikuwa nimechelewa hata kwa hilo.

Tulisubiri yazimike. Ni upumbavu, lakini tulisubiri, kila mmoja pembe yake, masikio mlimani. Labda moja lina ubovu mwingine. Labda tairi. Lakini Afande ni fundi mzuri na Breki ni mkaguzi mzuri, na ukiwaweka pamoja hao wawili gari halina pa kuharibikia.

Alasiri malori yakarudi yamejaa. Matatu yalipita moja kwa moja, turubai zimefungwa, nikaona vidole vya watu vimeshika kingo. La nne lilisimama mbele ya geti letu, kwa sababu Afisa alikuwemo na alitaka kutushukuru. Lilisimama taratibu, bila hata mlio. Afande alikuwa chini ya gari la mteja na hakutoka. Breki alikuwa amejifungia chumbani. Nikatoka mimi.

"Kazi safi," Afisa alisema. "Hakuna lililokohoa hata mara moja."

Nikampita. Nilimwona Mhunzi amekaa nyuma kabisa, mjukuu mapajani, nikakimbia stoo nikamletea springi yake. Nilikuwa sina kitu kingine cha kumpa. Aliigonga kwa ukucha, akainamisha kichwa, akasikiliza mpaka sauti ikaisha. Kisha akanirudishia.

"Nzuri," alisema. "Lakini kule wanasema hakuna miti. Bila mkaa nitaifua na nini?"

"Mtoto ametapika?" Ndilo swali lililonijia. Sijui kwa nini niliuliza hilo.

"Hapana. Gari linakwenda vizuri." Akaniegemea, akashusha sauti ili Afisa asisikie. "Asubuhi vijana wetu walikuwa wameamua kuingia msituni wasionekane. Wamezoea kujificha huko tangu zamani, wasingepatikana kwa wiki nzima. Mimi ndiye niliyewazuia. Niliona rangi ya mwanangu Breki kwenye magurudumu yote, nikawaambia, huyu hawezi kutupeleka pabaya, pandeni. Mwambie asante. Mwambie tuliiona."

Lori likaondoka bila kushtuka, likabadili gia, likapotea kwenye kona ya soko. Mvua ilianza kabla sijafika mlangoni, kubwa, ya msimu, na haikukatika kwa siku nyingi.

Siku hizi ndugu zangu wanasemezana wenyewe. Wanaombana spana, wanasema samahani, wanasema asante, na magari yanatoka na rangi zote mbili kama kawaida. Sina tena kazi ya simu. Springi ya Mhunzi iko rafu ya juu, naipangusa vumbi. Breki ameshaniuliza zaidi ya mara moja, "Dada, yule mzee siku ile alisema nini?" Namwambia alisema springi ni nzuri.